Ugumu wa mitandao ya kijamii kwa watumiaji wasio wataalamu

Ugumu wa mitandao ya kijamii kwa watumiaji wasio wataalamu ni hali ya mtu kutoelewa namna WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na vyombo vingine vya aina hiyo vinavyofanya kazi, ingawa anaweza kuwa hodari katika shughuli zake nyingine na hata katika matumizi mengine ya simu.

Mara nyingi hali hiyo huelezwa kuwa ni upungufu wa mtumiaji: hakusoma, amezeeka, au ni mshamba. Maelezo hayo hayatoshi. Katika mji kama Morogoro nchini Tanzania, mtu anayeogopa kubonyeza alama fulani katika WhatsApp anaweza kuwa ndiye anayetuma na kupokea fedha kwa simu kila siku bila kusaidiwa. Tofauti iko zaidi katika namna chombo kilivyotengenezwa na katika namna mtu alivyofundishwa kukitumia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu habari nyingi za maisha ya kila siku, kama vile misiba, vikao vya wazazi, michango ya vikundi na bei za mazao, zimehamia katika mitandao hiyo. Asiyeielewa huachwa nyuma, na anayeielewa nusu huwa windo rahisi la matapeli.

Mazingira ya Morogoro Mjini

Manispaa ya Morogoro iko chini ya milima ya Uluguru, takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 ina wakazi 471,409. Katika sensa ya mwaka 2012 walikuwa 315,866.

Mji huo huwakutanisha watu wenye uzoefu tofauti sana wa teknolojia. Kwa upande mmoja kuna wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, na wa vyuo vingine vya mjini. Chuo Kikuu Mzumbe kiko nje kidogo ya mji, katika wilaya ya Mvomero. Kwa upande mwingine kuna wakulima na wachuuzi wanaoshuka kutoka vijiji vya Uluguru, kama vile Kinole na Mgeta, wakileta ndizi, viungo, kabichi na mboga nyingine katika masoko ya mjini, likiwemo Soko Kuu la Chifu Kingalu.

Juu ya kilele cha Bondwa, kinachoonekana kutoka mjini, kuna minara ya mawasiliano. Hata hivyo milima huzuia mawimbi ya redio, hivyo mtu akivuka mgongo mmoja wa mlima kuingia bonde la pili anaweza kupoteza mtandao kabisa. Kwa sababu hiyo mtumiaji wa Uluguru huzoea simu ambayo mara inafanya kazi, mara haifanyi, bila yeye kuwa amebadilisha chochote.

Kwa nchi nzima, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilihesabu laini zaidi ya milioni 35 zinazotumia intaneti mwishoni mwa mwaka 2023. Idadi hiyo ni ya laini na si ya watu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na laini mbili au tatu. Pia haionyeshi nani anaitumia intaneti kwa kujiamini na nani hungoja mjukuu arudi kutoka shuleni.

Kutoka kitochi hadi simu ya kupangusa

Watanzania wengi walijifunza simu kwa kutumia kitochi, yaani simu ndogo yenye vitufe, ambayo huitwa pia kiswaswadu. Katika simu hiyo kila kitufe kina kazi inayojulikana. Kitufe cha kijani hupiga, chekundu hukata. Mtu hukipapasa kidoleni, na kitufe hakihami mahali pake.

Simu janja, ambayo baadhi ya watu huiita simu ya kupangusa, iliondoa karibu vitufe vyote. Kioo kilekile huwa redio, kamera, barua, gazeti na duka. Kinachotokea mtu anapogusa hutegemea ni programu gani iliyo wazi, ni sehemu gani ya kioo aliyoigusa, na kama amegusa mara moja, amebonyeza akashikilia, au ametelezesha kidole. Hakuna maandishi yanayomwambia kwamba vitendo hivyo vitatu ni tofauti.

Mitandao ya kijamii ilifika kwa watu wengi pamoja na simu hizo. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube 2005, Twitter 2006, WhatsApp 2009 na Instagram 2010. Nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari, ukiwemo waya wa Seacom uliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ziliongeza kasi ya mtandao. Hivyo watu wengi walikutana kwa mpigo na mambo matatu mapya: kioo cha kugusa, intaneti, na mtandao wa kijamii. Mtu akikwama, ni vigumu kwake kujua amekwama kwa lipi.

Ulinganifu na huduma za fedha kwa simu

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. Huduma za kampuni nyingine zilifuata. Watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta walijifunza kutuma fedha, kulipa umeme na kununua vocha. Kazi hiyo si rahisi: kosa la tarakimu moja linaweza kupeleka fedha kwa mtu mwingine. Mambo manne yaliwasaidia kujifunza.

Kwanza, menyu yake huandikwa kwa maneno. Mtumiaji wa Vodacom akipiga *150*00# huona orodha yenye namba, kwa Kiswahili. Huchagua 1, 2 au 3.

Pili, huuliza jambo moja kwa wakati mmoja: kwanza namba ya simu, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Mtu hawezi kuruka hatua wala kupotelea pembeni.

Tatu, huthibitisha. Kabla ya fedha kuondoka mtumiaji huombwa kukubali, na baada ya hapo huletewa ujumbe unaosema kiasi kilichotumwa, jina la aliyepokea na salio.

Nne, kuna wakala. Wakala hukaa mtaani, sokoni au stendi ya Msamvu, na anaweza kuulizwa ana kwa ana. Zaidi ya hayo, mteja anayetoa fedha hutakiwa kuingiza namba yake ya siri mwenyewe. Wapo wanaoitaja namba hiyo kwa wakala, na hiyo ni hatari, lakini utaratibu wenyewe unataka simu ibaki mkononi mwa mwenyewe. Wakala huelekeza, mteja hubonyeza. Hivyo kila muamala huwa pia somo dogo.

Mitandao ya kijamii haina hata moja kati ya mambo hayo manne kwa ukamilifu wake.

Sababu za ugumu

Alama badala ya maneno

Programu nyingi hutumia michoro midogo badala ya maneno ili kuokoa nafasi na kutumika katika lugha zote. Nukta tatu zilizosimama humaanisha "mambo zaidi yako hapa". Gurudumu lenye meno humaanisha mipangilio. Ndege ya karatasi humaanisha kutuma.

Anayeijua alama huona maana yake papo hapo, lakini maana hiyo haimo katika mchoro. Fundi baiskeli wa Morogoro anajua gurudumu lenye meno ni kitu cha kuendesha mnyororo. Hana sababu ya kudhani kwamba ndani yake kuna mahali pa kubadilisha lugha. Alama hizi ni makubaliano ya watu waliotumia kompyuta kabla yake.

Lugha

Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili mwaka 2009. Kabla yake, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. WhatsApp nayo inaweza kutumika kwa Kiswahili. Hata hivyo simu nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza, na njia ya kubadilisha lugha imefichwa ndani ya mipangilio ambayo yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza.

Kiswahili cha kwenye programu nacho huwa kigeni kwa baadhi ya watu. Neno "nywila" limo katika kamusi, lakini mtu aliyezoea "namba ya siri" ya benki au ya M-Pesa huenda asijue kwamba ni kitu cha jamii moja. Wengine husema "pasiwedi". Mtu mmoja anaweza kukutana na maneno yote matatu kwa siku moja na kudhani ni mambo matatu.

Mpangilio usiofuata wakati

Barua huja moja moja, na gazeti lina tarehe. Redio husoma taarifa ya habari saa ileile kila siku. Facebook ilianzisha ukurasa wa habari mchanganyiko mwaka 2006, na Instagram iliacha mpangilio wa wakati mwaka 2016. Katika mitandao hiyo kinachotangulia huchaguliwa na kompyuta kwa kukadiria kitakachomvutia mtumiaji.

Matokeo yake ni kwamba tangazo la msiba la siku tatu zilizopita linaweza kuonekana juu ya habari ya leo. Kitu alichokiona mtu asubuhi hakionekani tena jioni, na wakati mwingine yeye hudhani amekifuta. Picha ya ndugu yake hukaa kati ya tangazo la biashara na video ya mtu asiyemfahamu, na vyote vitatu vina umbo linalofanana.

Hadhira isiyoonekana

Katika mazungumzo ya kawaida mtu huona nani yupo. Jambo hili ni zito katika jamii zenye desturi za utani na heshima ya ukweni. Mtu anaweza kumtania mtani wake hata msibani, lakini hawezi kusema maneno yaleyale mbele ya mkwe wake. Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, kwa asili huhesabu ukoo kupitia mama, na mjomba ana nafasi ya pekee katika familia.

Katika kundi la ukoo la WhatsApp, mtani, mkwe, mjomba na mtoto wa darasa la saba wanaweza kuwa pamoja, na ujumbe mmoja huwafikia wote. Anayejibu utani wa mtu mmoja hujikuta amesema mbele ya kikao kizima. Katika Facebook hadhira inaweza kuwa kubwa zaidi, na sehemu ya kuichagua ni alama ndogo ambayo wengi hawajawahi kuigusa. Kwa hiyo wapo wanaonyamaza kabisa mitandaoni. Ukimya huo huonekana kama kutojua teknolojia, kumbe ni adabu ya mtu asiyejua nani anamsikiliza.

Makosa yanayofanana

Ujumbe usipofika, sababu zinaweza kuwa nyingi: bando limeisha, mtandao hauko, simu ya mpokeaji imezimwa, simu ya mtumaji imejaa, au mtumaji amezuiwa. Katika WhatsApp tiki moja ya kijivu huonyesha kwamba ujumbe umetoka lakini haujafika kwenye simu ya mpokeaji. Tiki mbili huonyesha umefika. Rangi ya buluu, iliyoanza mwaka 2014, huonyesha umesomwa ikiwa wahusika hawajaizima alama hiyo. Hakuna mahali kwenye ukurasa wa mazungumzo panapoeleza hayo.

Anayeelewa mfumo huangalia bando, kisha mtandao, kisha husubiri. Asiyeuelewa hujilaumu yeye au humlaumu mwenzake. Katika eneo lenye mabonde kama Uluguru, ambapo tiki moja inaweza kukaa saa nyingi kwa sababu ya mlima tu, lawama hizo huweza kugeuka ugomvi.

Vifurushi vya intaneti huongeza utata. Kampuni za simu zimewahi kuuza vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee. Mwenye kifurushi hicho hupokea ujumbe wenye kiungo cha tovuti ya nje, hukibonyeza, na hakifunguki. Kwake WhatsApp inafanya kazi na intaneti haifanyi, hivyo hujifunza kwamba WhatsApp si intaneti. Hitimisho hilo si sahihi, lakini ni hitimisho la mtu aliyechunguza kwa makini kilicho mbele yake.

Maneno yaleyale, matokeo tofauti

WhatsApp iliruhusu kufuta ujumbe kwa watu wote mwaka 2017. Tangu hapo anayefuta hupewa njia mbili: kujifutia yeye tu, au kuwafutia wote. Aliyekosea kutuma picha kwenye kundi akichagua njia ya kwanza, picha hutoweka kwenye kioo chake na moyo wake hutulia, wakati watu wote wa kundi wanaendelea kuiona. Chombo hakikumdanganya, lakini kilimwachia kazi ya kukisia tofauti iliyo kubwa kwa kutumia maneno yanayokaribiana.

Mabadiliko ya mara kwa mara

Jembe la mwaka jana hushikwa kama la mwaka huu. Programu za mitandao hubadilika bila mtumiaji kuomba. Twitter ilibadilisha nyota kuwa moyo mwaka 2015, na mwaka 2023 ikabadilisha hata jina ikawa X. Mtu aliyejifunza kwa kukariri mahali pa kitufe hupoteza yote aliyojifunza kitufe kinapohamishwa. Aliyejifunza kwa kuelewa huweza kukitafuta tena, lakini ni wachache waliopata nafasi ya kujifunza hivyo.

Akaunti isiyo ya mwenyewe

Simu nyingi janja haziwezi kupakua programu bila akaunti ya barua pepe. Wanunuzi wengi hawana, hivyo muuzaji wa duka la simu au fundi huwafungulia, huchagua nywila, na kuwakabidhi simu ikiwa tayari kutumika. Mwenye simu haijui anuani wala nywila. Hana tatizo mpaka siku simu inapopotea au inapofutwa. Siku hiyo picha, majina ya watu na mazungumzo yake huwa yamefungwa nyuma ya mlango ambao ufunguo wake hakupewa.

Upofu wa anayejua

Sehemu moja ya ugumu hutoka kwa wale wanaofundisha. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya jaribio rahisi. Watu walipewa nyimbo zinazojulikana na kuombwa kugonga mdundo wake mezani kwa vidole, ili wenzao wautambue wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3 tu. Mgongaji husikia wimbo wote kichwani mwake. Msikilizaji husikia ngo ngo ngo.

Ndivyo ilivyo kati ya mwanafunzi wa chuo na bibi yake. Mwanafunzi anaposema "ingia kwenye mipangilio, kisha faragha", yeye anaona njia nzima. Bibi anasikia maneno. Mwanafunzi hushangaa kwamba jambo rahisi namna hiyo halieleweki. Huichukua simu, hubonyeza haraka mara tano, na kuirudisha. Kazi imekwisha, lakini bibi hakujifunza lolote, isipokuwa kwamba jambo hilo ni la vijana. Hapo ndipo tofauti na M-Pesa inapoonekana: kwa wakala ni mteja aliyebonyeza.

Mtaalamu wa usanifu Donald Norman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vitu vya kila siku, alieleza kwamba mtu hutumia chombo kwa kufuata picha aliyo nayo akilini kuhusu namna kinavyofanya kazi. Mtengenezaji naye ana picha yake. Picha hizo mbili zisipolingana, mtumiaji hukosea, na mara nyingi hujilaumu mwenyewe. Norman alitoa mfano wa milango ambayo watu huivuta wakati inatakiwa kusukumwa: watu wengi wakikosea kwenye mlango uleule, kasoro iko mlangoni.

Dhana zisizo sahihi

Dhana ya kwanza ni kwamba tatizo ni umri. Wazee hukumbwa zaidi kwa kuwa walianza wakiwa wakubwa, na kwa sababu macho na vidole havina wepesi wa zamani, lakini kijana aliyepata simu janja jana hukutana na alama zilezile asizozijua. Tofauti kubwa ni kwamba kijana hujaribu bila hofu. Mzee, ambaye simu hiyo inaweza kuwa na fedha zake zote, ana sababu nzuri ya kuogopa kubonyeza ovyo.

Dhana ya pili ni kwamba tatizo ni elimu. Kusoma na kuandika husaidia, lakini mwalimu au mhasibu naye anaweza kutuma ujumbe wa siri kwenye kundi la wazazi.

Dhana ya tatu ni kwamba anayetumia mtandao kila siku anauelewa. Mtu anaweza kutazama video za TikTok kutwa nzima bila kujua namna ya kuifanya akaunti yake isionekane na kila mtu. Urahisi wa kutazama huficha ugumu wa kujilinda.

Madhara

Madhara yanayoonekana haraka ni ya fedha. Tapeli mmoja hutuma ujumbe wa kuelekeza fedha zitumwe kwenye namba fulani, akitumaini utamfikia mtu ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma. Mwingine huomba tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi, akidai alikosea namba. Tarakimu hizo ndizo zinazotumika kuhamishia akaunti ya WhatsApp kwenye simu nyingine. Akishazipata, huwaandikia ndugu na wanakikundi wa mwenye akaunti, kwa jina na picha yake, akiomba wamkopeshe.

Utapeli wa namna hiyo hauhitaji ufundi mkubwa. Hutegemea tu kwamba mhusika hajui tarakimu hizo ni za nini. Mtu huyohuyo asingetaja namba yake ya siri ya M-Pesa, kwa kuwa alishafundishwa kwamba hiyo ni siri. Kwenye mtandao wa kijamii hakuna aliyemwambia.

Dhara la pili ni habari za uongo. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi hufika ukiwa umetumwa na ndugu au jirani, na mpokeaji humwamini mtumaji bila kujua aliyeuandika. Mwaka 2018 WhatsApp ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na mwaka 2019 ikaweka kikomo cha mazungumzo matano kwa mara moja, lakini alama hiyo humsaidia tu anayejua maana yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuchapisha kwa kujua taarifa za uongo kwa nia mbaya.

Dhara la tatu ni kuachwa nje. Kikundi cha VICOBA kikihamishia taarifa zake WhatsApp, mwanachama mwenye kitochi huzipata kwa kusimuliwa. Mkulima asiyeona bei zinazotumwa kwenye kundi la wafanyabiashara huuza kwa bei anayotajiwa. Mzazi hukosa kikao cha shule kwa sababu tangazo lilizama chini ya salamu mia moja za asubuhi.

Njia za kupunguza ugumu

Zipo njia ambazo zimejaribiwa Tanzania. Mwaka 2011 mradi wa Sauti ya Wakulima ulianza Chambezi, Bagamoyo, katika mkoa jirani wa Pwani, ukiongozwa na msanii na mtaalamu wa programu Eugenio Tisselli kutoka Mexico. Wakulima, wanaume kwa wanawake, walitumia simu janja kwa zamu kupiga picha mashambani na kurekodi maelezo kwa sauti. Picha na sauti hizo ziliwekwa kwenye ukurasa wa pamoja wa intaneti, na wakulima walikutana kila wiki kuzitazama na kuzijadili. Kioo kiliwekwa katikati ya kikao, na aliyekwama aliwauliza wenzake walioketi naye. Sauti nayo ilipunguza mzigo wa kuandika.

Ujumbe wa sauti, ambao WhatsApp iliuanzisha mwaka 2013, umefanya kazi inayofanana. Mtu asiyependa kuandika hubonyeza alama ya kipaza sauti na kusema kama anavyosema siku zote.

Mjini Morogoro, watafiti wa SUA walishiriki kutengeneza UshauriKilimo, mfumo wa kuwapa wakulima ushauri kupitia simu na tovuti. Mifumo ya namna hiyo huanza na kazi moja ambayo mtumiaji tayari anaihitaji, wakati mitandao mikubwa huanza na mambo mengi kwa pamoja.

Katika ufundishaji wa nyumbani, mambo yanayosaidia ni yaleyale yaliyoifaulisha M-Pesa. Simu hubaki mkononi mwa anayejifunza. Kazi huwa moja kwa siku, kwa mfano kutuma picha kwa mtu mmoja, na hurudiwa mpaka izoeleke. Lugha ya simu hubadilishwa kuwa ile anayoisoma vizuri. Nywila ya akaunti huandikwa na mwenyewe na kutunzwa nyumbani kama anavyotunza hati nyingine. Anayefundisha hueleza pia yanayoweza kurekebishwa na yasiyoweza, kwa kuwa hofu hupungua mtu akijua kwamba kufungua ukurasa usio sahihi hakuharibu kitu, wakati kutaja tarakimu sita kunaweza kuharibu mengi.

Kwa upande wa usalama, WhatsApp iliongeza mwaka 2017 hatua ya pili ya uthibitisho, yaani namba ya siri inayochaguliwa na mtumiaji. Ikiwekwa, tarakimu sita peke yake hazitoshi kuiba akaunti. Mtumiaji wa Tanzania anaweza pia kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba 15040 hutumika kuripoti namba za matapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake zinazokusanywa na wengine.

Huduma zote hizo zinamtaka mtumiaji ajue kwanza kwamba zipo. Hatua ya pili ya uthibitisho imewekwa ndani ya mipangilio ya akaunti, nyuma ya zile nukta tatu.